Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kufuatilia Miale ya Kosmiki Inatoka Upande Gani na Saa Gani, Ukiwa Mombasa

Kila dakika, kila sentimita ya mraba ya paa lako hupitiwa na muoni mmoja hivi, uwe Kisauni, Likoni au Mji wa Kale. Muoni ni kizazi cha miale ya kosmiki: protoni na viini vya atomu vinavyotoka mbali nje ya mfumo wa Jua, vikagonga hewa kilomita kama 15 juu yetu na kuzaa chembe nyingine. Tangu Victor Hess alipopanda na puto mwaka 1912 na kukuta mionzi inazidi kadiri anavyopaa, watu wamekuwa wakiuliza: inatoka wapi? Na je, upande inakotoka kwa wingi ni uleule asubuhi na jioni, kaskazi na kusi?

Jibu fupi ni kwamba huja karibu sawasawa kutoka kila upande. Utamu wote uko kwenye hilo neno "karibu". Kwa nguvu za kati, tofauti ya upande na upande ni kama chembe moja katika elfu, nayo huzunguka na saa. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuitafuta hiyo moja bila kudanganywa na hewa, joto wala saa ya ukutani. Nakwambia mapema ninakosimama: anayepima wingi wa chembe peke yake atapoteza mwaka mzima. Pima tofauti kati ya pande mbili zinazoelekeana.

Kwanza, jua unachokiwinda

Kuna mabadiliko ya aina nne, na si yote yanayofuata saa.

La kwanza halibadiliki kwa saa, lakini lazima ulijue kwa sababu litakuwa kubwa kuliko mengine yote kwenye data yako. Uga wa sumaku wa Dunia hupinda njia za chembe zenye chaji. Kwa kuwa miale mingi ni chanya, inayotoka magharibi hupenya kwa urahisi kuliko inayotoka mashariki, na jambo hili huonekana vizuri zaidi karibu na ikweta ya sumaku. Bruno Rossi alilitabiri mwaka 1930, na mwaka 1933 akapandisha vifaa vyake hadi Asmara, Eritrea, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, akathibitisha kwamba magharibi kunatoka chembe nyingi zaidi. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kuwa miale hii kwa sehemu kubwa ni chanya. Sisi Mombasa tuko kwenye ukanda huohuo wenye faida, ila tuko usawa wa bahari, kwa hiyo tofauti yetu ni ndogo kuliko ile ya Asmara.

La pili hufuata Jua. Jua likizunguka huburuta uga wake wa sumaku, nao huwasukuma chembe za nguvu ndogo kuzunguka pamoja nao. Huko angani mkondo huu huonekana ukitokea upande wa saa kumi na mbili jioni. Ardhini kilele huwahi kidogo, kwa kuwa uga wa Dunia umeshazipinda njia. Kwa muoni za usawa wa bahari, tarajia wimbi la sehemu moja hadi tatu za elfu.

La tatu hufuata nyota, si Jua. Chembe za nguvu kubwa zaidi huja nyingi kidogo kutoka upande mmoja wa anga na pungufu kutoka upande mwingine, kwa kiasi cha sehemu moja ya elfu au chini yake. Maabara kama Tibet ASγ, Super-Kamiokande, Milagro, IceCube na HAWC zimelichora. Ziada iko kwenye eneo pana la anga lisilo mbali na Kilimia, na upungufu uko karibu na saa 12 ya nyota (saa ya nyota nitaieleza mbele). IceCube, iliyozikwa kwenye barafu ya Ncha ya Kusini, imeonyesha kwamba ukipanda juu ya nguvu za TeV 100 hivi (TeV moja ni elektronivolti trilioni moja, kipimo cha nguvu ya chembe), picha hiyo hubadilika sura. Kando yake mmejificha pia wimbi jingine dogo sana, hili likifuata saa ya Jua, linalotokana na Dunia kukimbia kuzunguka Jua kwa kilomita 30 kwa sekunde: tunakutana na chembe nyingi kidogo za mbele yetu, sehemu 0.047 za asilimia, kilele saa kumi na mbili asubuhi.

La nne ni la ghafla: dhoruba ya Jua. Nitalirudia.

Kifaa

Unahitaji darubini mbili za muoni. Jina ni kubwa, kifaa ni sahili. Darubini moja ni vipande viwili vya plastiki inayotoa mwanga chembe ikipita, kimoja juu ya kingine, kila kimoja na kihisi mwanga chake. Chembe ikigonga vyote viwili ndani ya mikrosekunde chache, unaihesabu. Ikigonga kimoja, unaiacha. Kwa njia hiyo unajua ilipita kwenye mstari unaounganisha vipande hivyo, na mionzi ya saruji na mawe ya ukuta haikusumbui sana. Watu wa MIT walitoa mchoro wa bure uitwao CosmicWatch, wenye kipande cha sentimita 5 kwa 5. Ni mzuri kwa kujifunzia, lakini kwa kazi yetu ni mdogo mno.

Tumia vipande vya sentimita 20 kwa 20, umbali wa sentimita 20 kati yao. Darubini ya aina hii ikisimama wima hupata pigo moja hivi kwa sekunde. Ukiilaza nyuzi 45, mapigo hupungua kufikia nusu, kwa sababu muoni hupungua kwa mraba wa kosini ya pembe kutoka utosini. Mabomba ya Geiger ya Kirusi ya SBM-20 yanafaa kwa bei, lakini bomba moja ni jembamba kama kidole, na utalazimika kuyapanga mengi.

Ongeza kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, kipokezi cha GPS kwa ajili ya saa, na kihisi cha shinikizo na joto kama BME280. Stima ikikatika, na itakatika, betri ya volti 12 iwe inashika yenyewe. Data yenye mapengo ya jioni tu ni mbaya kuliko data chache, kwa kuwa mapengo yakifuata saa fulani ya siku yatajifanya wimbi.

Chumvi ya bahari ndiyo adui mkubwa wa hapa kwetu. Soketi zisizofunikwa huota kutu ya kijani, na waya ulioungwa vibaya huanza kuruka pigo hapa na pale bila kufa kabisa, jambo ambalo ni gumu kuligundua. Mwambie fundi alehemu viungo vyote badala ya kuvichomeka, kisha avipake vanishi. Weka kila kitu ndani ya sanduku la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko, pamoja na vijifuko vya kukausha unyevu, na uvibadilishe vinapolowa.

Mwanga nao ni hatari. Funga kila kipande cha plastiki kwa foili, kisha tepu nyeusi ya stima safu mbili, na usisahau pembe, maana tepu hubanduka hapo kwanza. Halafu fanya jaribio hili usiku: zima taa, tazama hesabu ya kipande kimoja kwa dakika tano, kisha pitisha tochi polepole juu ya kila mshono. Hesabu ikiruka mahali fulani, pana tundu. Ukipuuza jaribio hili, mchana utaonekana una muoni nyingi kuliko usiku, nawe utashangilia wimbi la Jua ambalo ni mwanga wa Jua tu.

Kuelekeza

Darubini mbili ziwe juu ya fremu moja, moja imelazwa nyuzi 45 kuelekea mashariki na nyingine nyuzi 45 kuelekea magharibi. Zikae pahali ambapo juu yake pande zote mbili pana uzito sawa. Paa la mabati ni bora. Chini ya slabu, hakikisha hakuna tangi la maji upande mmoja, kwa sababu maji hula muoni na kiasi chake hubadilika kila siku.

Usichukulie kwamba baharini ndiko mashariki. Pwani yetu imelala mshazari, na anayesimama ufukweni akitazama mbele hutazama kusini-mashariki. Dira ya simu nayo hupotea karibu na nondo. Njia rahisi ni kibla. Makka iko karibu kaskazini kamili ya Mombasa, tofauti haifiki nusu nyuzi, kwa hiyo ukielekea kibla mkono wako wa kulia ni mashariki na wa kushoto ni magharibi. Kosa la nyuzi mbili tatu halidhuru. Darubini yenyewe inatazama anga pana la makumi ya nyuzi.

Saa: hapa ndipo wengi huharibikiwa

Kompyuta iandike saa ya UTC peke yake, yaani saa ya kimataifa. Tafsiri baadaye. Kwa sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo, toa 3 kwenye UTC upate saa ya Kiswahili: UTC 07:00 ni saa nne asubuhi. Lakini Jua halifuati saa ya serikali. Mombasa iko nyuzi 39.67 mashariki, kwa hiyo saa ya Jua ya mahali ni UTC pamoja na saa 2 na dakika 39, yaani dakika 21 nyuma ya saa ya ukutani.

Saa ya nyota ni nyingine kabisa. Anga la nyota hukamilisha mzunguko kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Hesabu siku, pamoja na desimali, tangu adhuhuri ya UTC ya Januari 1, 2000. Zidisha kwa 24.0657098, jumlisha 18.697, kisha jumlisha 2.645 kwa ajili ya Mombasa. Toa 24 mara nyingi kadiri inavyohitajika hadi ubaki na namba iliyo chini ya 24. Hakikisha kwa macho: zile nyota tatu za mkanda wa Orioni hupita karibu juu ya utosi wetu saa ya nyota ikiwa 5.6, na katikati ya Desemba hilo hutokea kwenye saa sita usiku hivi. Programu yako ikisema vingine, isahihishe kabla hujaendelea.

Siku za kwanza

Acha kifaa kikusanye kwa wiki moja, kisha jumlisha. Magharibi panapaswa kuizidi mashariki waziwazi. Zungusha fremu nzima nyuzi 180, ukusanye wiki nyingine. Ziada ikibaki magharibi, umeona alichokiona Rossi. Ikihama pamoja na darubini, basi darubini moja ni nyepesi kuhisi kuliko mwenzake, na hiyo si sayansi ya anga bali ni tatizo la fundi. Jaribio hili ni la lazima. Na hata baadaye, geuza fremu kila baada ya wiki mbili, ili tofauti za vifaa zijifute zenyewe.

Shinikizo la hewa, na kwa nini Mombasa ni mahali pagumu

Hewa ikiwa nzito, muoni chache hufika chini. Kiwango ni kama asilimia 0.15 kwa kila hPa moja (hektopaskali, kipimo cha shinikizo la hewa). Ulaya mtu hupima kiwango chake kwa urahisi: vimbunga na anga tulivu hupishana, shinikizo hupanda na kushuka kwa makumi ya hPa bila kujali ni saa ngapi, naye huchora mstari.

Kwetu si hivyo. Shinikizo la Mombasa hutoka siku hadi siku bila kubadilika sana, lakini ndani ya siku moja hupanda na kushuka kama maji kujaa na kupwa: juu kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku, chini kwenye saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Kati ya saa nne na saa kumi linaweza kushuka kwa hPa 3. Zidisha: 3 kwa 0.15 ni asilimia 0.45. Hewa pekee imekupa badiliko lililo kubwa kuliko wimbi la Jua unalolitafuta, tena kwa mpigo uleule wa saa 12 na 24. Ukijaribu kupata kiwango cha shinikizo kutoka kwa data hiyohiyo, utakuwa umelifuta wimbi la kweli pamoja na la hewa, wala hutajua ulichopoteza.

Joto hufanya hila ya namna hiyo. Vihisi mwanga hubadilika nguvu joto linapopanda, na sanduku lililoko juu ya paa hupikika mchana kisha likapoa usiku.

Mashariki toa magharibi

Hapa ndipo darubini mbili zinapolipa gharama yake. Zote ziko chini ya hewa ileile, ndani ya joto lilelile, kwenye betri moja. Gawa hesabu ya kila saa ya kila darubini kwa wastani wake wa siku hiyo, kisha toa ya magharibi kwenye ya mashariki. Shinikizo linajifuta. Joto linajifuta. Linalobaki ni anga.

Nyuzi 45 ni saa tatu za mzunguko wa Dunia. Darubini ya mashariki inatazama leo anga litakalokuwa utosini baada ya saa tatu, ya magharibi inatazama lililopita utosini saa tatu zilizopita. Kwa hiyo tofauti yao ni mteremko wa wimbi, si wimbi lenyewe. Hesabu ya kurudi nyuma ni fupi: kilele cha tofauti hutangulia kilele halisi kwa saa 6, na ukubwa wake ni mara 1.41 ya ukubwa halisi. Kwa mfano, ukikuta tofauti inafika kilele saa tatu asubuhi kwa asilimia 0.28, wimbi la kweli lina asilimia 0.2 na kilele chake ni saa tisa alasiri.

Kosa la ukubwa huo ni kipeuo cha pili cha jibu la 2 gawanya kwa N, ambapo N ni mapigo ya darubini moja. Pigo moja kila sekunde mbili hukupa kama milioni 4.3 kwa siku 100, kosa likiwa asilimia 0.07. Wimbi la Jua la asilimia 0.2 litajitokeza kwa mara tatu ya kosa. Inatosha kuamini, haitoshi kutamba.

Wimbi la nyota ni shughuli nyingine. Muoni za usawa wa bahari zinatokana na chembe za nguvu ndogo kuliko zile za IceCube, na wimbi lao la nyota ni hafifu, chini ya sehemu moja ya elfu. Kwa vipande vya sentimita 20, mwaka mzima hukuachia kosa la asilimia 0.036, ambalo halitoshi. Vipande vya sentimita 50 vilivyoachana sentimita 50 hupata mapigo mara sita na zaidi, na kosa la mwaka hushuka hadi 0.014. Shule au chuo chenye paa pana kingeweza. Mtu mmoja nyumbani, ningemshauri aridhike na Jua.

Kukunja data

Gawa siku katika vyumba 24 na umwage kila saa ya data kwenye chumba chake. Fanya mara tatu, kwa saa tatu tofauti: ya Jua, yenye mizunguko 365.24 kwa mwaka. Ya nyota, yenye 366.24, na ya bandia, yenye 364.24.

Hiyo ya tatu ndiyo mlinzi wako. Hakuna kitu angani kinachozunguka mara 364.24 kwa mwaka. Lakini wimbi la Jua likikua wakati wa kaskazi na kupungua wakati wa kusi, huzaa mawimbi mawili ya uongo yaliyo sawa kwa ukubwa, moja kwenye 366.24 na jingine kwenye 364.24. Ukiona kitu kwenye saa bandia, ujue kiasi kama hicho cha wimbi lako la nyota ni majira ya Dunia. Pakiwa patupu, una haki ya kuamini. Haya yote hufanya kazi kwa mwaka kamili tu, au miaka kamili. Miezi minane haitenganishi saa ya Jua na ya nyota hata ukibembeleza.

Jua likichafuka

Wingu la plasma kutoka kwenye Jua likifunika Dunia, miale hupungua kwa ghafla, kisha hurudi polepole kwa siku kadhaa. Scott Forbush aliieleza hali hii katika miaka ya 1930, nayo inaitwa kwa jina lake. Dhoruba ya Mei 2024 ilikuwa mojawapo. Karibu na ikweta upungufu ni mdogo kuliko kwenye ncha, kwa sababu uga wa sumaku uliolala juu yetu umeshazuia chembe dhaifu. Hapa usitumie tofauti pekee. Rudi kwenye wingi, urekebishe shinikizo kwa 0.15, na uangalie kama mashariki na magharibi zimeshuka kwa pamoja au moja imetangulia. Siku hizo zitoe kwenye hesabu ya mwaka.

Kwa asiye na kifaa

Mtandao wa NMDB hutoa bure hesabu za vituo vya nyutroni duniani, zikiwa zimesharekebishwa shinikizo. Chagua vituo vilivyo mbali kwa longitudo, kwa mfano Hermanus wa Afrika Kusini na kile cha Doi Inthanon nchini Thailand, ambako, kama kwetu, uga wa sumaku huzuia chembe nyingi dhaifu. Kunja data kwa saa ya mahali pa kila kituo. Wimbi la Jua litaonekana kwa miezi michache, tena utaliona likihama saa miaka inavyopita, kwa kuwa uga wa Jua hugeuka kila baada ya miaka 11 hivi.

Ukitaka chembe za nguvu kubwa kabisa, Maabara ya Pierre Auger nchini Argentina imeweka wazi sehemu ya matukio yake. Kwa kila tukio chukua longitudo yake ya anga, tafuta kosini na sini, jumlisha kila kundi, zidisha kwa 2 na ugawe kwa idadi N. Kipeuo cha pili cha jumla ya miraba ya majibu hayo mawili ndicho ukubwa r. Uwezekano wa kupata r hiyo kwa bahati tu ni e iliyopandishwa kwa hasi N mara mraba wa r, gawanya kwa 4.

Mwaka 2017 wao walitumia matukio 32,187 yenye nguvu zaidi ya EeV 8, wakapata r ya asilimia 4.7 (EeV moja ni TeV milioni moja). Weka namba hizo kwenye fomula: jibu ni kama mbili katika milioni mia moja. Upande wenye ziada ulikuwa nyuzi kama 125 kutoka katikati ya Njia ya Maziwa, ndiyo sababu wakasema chembe hizo zinatoka nje ya galaksi yetu. Sasa jaribu r hiyohiyo kwa matukio 3,000. Uwezekano wa bahati unakuwa kama asilimia 19. Ukipakua data wazi, ukaichuja kwa EeV 8, ukabaki na elfu chache, usitangaze ugunduzi wala usiwatuhumu wenyewe kwamba walikosea. Huna chembe za kutosha.